Kiungulia baada ya futari: lijue tumbo lako, kisha fuata hatua hizi

Natibu watu huku Likoni, na kila Ramadhani ikiingia malalamiko ni yale yale: "Daktari, kifua chaniwaka, chakula chapanda." Dawa zipo, lakini wengi hupata nafuu wakishaelewa tumbo limekaaje.

1. Lipapase tumbo lenyewe. Weka kiganja chini ya mbavu za kushoto. Ukiuliza mtu tumbo liko wapi huonyesha kitovu, na hapo ni matumbo. Mfuko wa chakula uko juu zaidi, umejipinda mfano wa herufi J, upande mpana umeelemea kushoto. Umio, yaani mrija uletao chakula kutoka kooni, huingilia juu, na hapo mlangoni pana msuli wa mviringo unaojibana ili chakula kisirudi. Msuli mwingine, chini kulia, hukipitisha kidogo kidogo kwenye utumbo mdogo.

2. Usijaze kwa mara moja. Mfuko ukiwa mtupu nafasi yake ni kama mililita 75. Mikunjo ya ndani ikikunjuka, hupokea lita moja na zaidi. Tende, kaimati, viazi karai na pilau vikiingia kwa pamoja, ule mlango wa juu husukumwa ukalegea. Fungua kwa tende na maji, swali Magharibi, ndipo urudi mkekani. Punguza vya kukaanga: mlo wa kawaida hutoka tumboni baada ya saa 2 hadi 4, wenye mafuta mengi hukawia zaidi.

3. Angalia unavyolala. Hapa ndipo penye faida kubwa, na ndipo watu hupapuuza. Asidi ya tumbo ni kali, pH yake (kipimo cha ukali: kikishuka, ukali huzidi) huwa 1.5 hadi 3.5. Tumbo haliungui kwa sababu limetandazwa ute mzito. Umio hauna kinga ya namna hiyo, na moto unaousikia kifuani ni wa huko. Kaa saa 3 baada ya kula kabla ya kulala. Daku uile nyepesi, maana wengi hurudi kitandani baada ya Alfajiri. Ukilala, lalia ubavu wa kushoto: asidi hutuama kule kwenye upana, chini ya mlango. Ukilalia wa kulia, mlango ndio unaokuwa chini. Inua pia kitanda upande wa kichwani kwa sentimita 15 hadi 20, uweke mbao chini ya miguu yake. Kurundika mito hukunja kiuno na kubana tumbo.

4. Chunguza dawa unazomeza. Diklofenaki, ibuprofen na aspirini hudhoofisha ule ute. Kama wazitumia kila mara kwa magoti au mgongo, mwambie anayekutibu.

Maumivu yakirudi rudi, omba kipimo cha choo au cha pumzi. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua bakteria, Helicobacter pylori, wanaosababisha vidonda vingi vya tumbo. Tiba yake ni antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, na umalize dozi. Maziwa hutuliza kwa muda tu.

5. Usingoje Idi ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu, chakula kikikwama kooni, au ukikonda bila sababu. Na maumivu ya kifua yakishuka mkononi au yakipanda tayani, hicho huenda si kiungulia, ni moyo: nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.