Jinsi ya kubishana kuhusu usajili wa Red Sox bila kuchekwa

Hii ni ya watu wetu walio huku Massachusetts, Lowell, Worcester, Lynn na pande hizo, ambao kuanzia mwezi wa nne mpaka wa kumi mnakaa na wenzenu kazini saa ya kula mkisikia wanagombana kuhusu Red Sox, timu ya besiboli ya Boston, na nyinyi hamna la kuchangia. Mchezo wenyewe si tatizo, ukikaa na mtu anayeujua mechi mbili tatu utaelewa nani anatupa, nani anapiga na kwa nini yule amerudi kukaa. Kinachotupita ni yale ya nje ya uwanja, ati nani ameitwa, nani ameshushwa, nani amefanyiwa tredi, na kwa nini mzee wa idara ya usafi amekasirika tangu asubuhi kwa sababu ya kijana wa miaka 21 ambaye hata hajamwona akicheza.

Kitu cha kwanza, sahau ule usajili wa mpira wa miguu. Simba wakimtaka mtu wa Yanga wanatafuta pesa na wanaongea na yeye mwenyewe, akikataa basi. Huku wachezaji wanabadilishwa kwa wachezaji, hiyo ndiyo tredi, na wengi wao hawaulizwi. Unaweza kucheza mechi Jumapili mchana Boston na jioni unaambiwa wewe sasa ni wa San Francisco, panga nguo. Anayeweza kukataa ni yule ambaye mkataba wake una kifungu hicho, au aliyekaa ligi kuu miaka 10 na 5 ya mwisho iwe na timu ileile.

Sasa sheria yangu ni moja tu na ukiishika hii inatosha: kabla hujasema fulani ni mbovu atolewe, uliza kwanza makaratasi yake yakoje. Nusu ya yale mashabiki wanayolalamikia hayahusiani na nani ni bora, ni makaratasi.

Makaratasi yenyewe ni haya. Kila timu ina listi mbili, ya watu 26 ambao ndio wanacheza na ya watu 40 ambayo ina hao 26 ndani yake pamoja na wengine walio ligi ndogo au majeruhi. Kwenye hao 26 pitcha (watupaji) hawazidi 13, na mwezi wa tisa namba inapanda kidogo, inakuwa 28. Alafu kuna opsheni, na hapa ndipo utamu ulipo. Mchezaji akishaingia ile listi ya 40, timu inapata miaka mitatu ya kumpandisha na kumshusha inavyotaka, ingawa siku hizi ndani ya msimu mmoja haiwezi kumshusha zaidi ya mara tano. Ile miaka ikiisha hawezi tena kushushwa hivi hivi, lazima apitishwe weiva, yaani timu nyingine 29 zinapewa nafasi ya kumchukua na mkataba wake. Ndiyo maana utaona kuna mtu wa akiba hapigi chochote wiki nzima na bado yuko, na kijana anayepiga homurani (mpira wa kuvuka ukuta) kila siku huko Worcester, kwenye timu yao ya ligi ndogo, anaambiwa asubiri. Yule wa Boston hana opsheni, wakimshusha anaondoka jumla. Yule kijana anazo tatu. Wenyeji wanajua hilo na bado wanapiga kelele, lakini ukilisema wewe wataanza kukuangalia vingine.

Tuseme umeona taarifa ya asubuhi, iko hivi: pitcha A ameitwa kutoka Worcester, pitcha B ameshushwa, mshika besi C (anayelinda kimoja cha vituo vya kukimbilia) amehamishiwa majeruhi wa siku 60, pitcha D ameondolewa kwenye listi ya 40. Mtu asiyejua anaona majina manne tu. Soma kwa mpangilio. B ameshushwa kwa sababu jana alitupa mipira mingi, mkono umechoka, leo hafai na opsheni anayo, kwa hiyo si adhabu, baada ya siku 15 hivi utamwona tena. A ameitwa kwa sababu mkono wake umepumzika. C kuwekwa siku 60 badala ya zile 10 za kawaida (pitcha ni 15) maana yake ni mbili: kwanza kaumia kweli, pili nafasi yake kwenye ile 40 imefunguka, kwa hiyo kuna mtu atasainiwa, jiulize nani. Na D sasa timu ina wiki moja ya kumfanyia tredi, kumpitisha weiva au kumwachia aende zake. Ukifika kazini usiseme "kwa nini wamemshusha B", sema "hiyo nafasi ya C kwenye 40 wanamwekea nani?" Hilo ndilo swali.

Pesa na muda. Mchezaji akipanda ligi kuu anahesabiwa siku, siku 172 ni mwaka mmoja, na anahitaji miaka sita ndio awe huru kuongea na timu yoyote. Miaka kama mitatu ya mwanzo analipwa karibu na kima cha chini, ambacho 2025 kilikuwa dola 760,000, alafu inayofuata mshahara unabishaniwa mwaka kwa mwaka mpaka afike sita. Sasa kila msimu lazima utakuta jamaa ana mpango wa kumleta Boston Paul Skenes, pitcha wa Pittsburgh, ati tuwape Pittsburgh vijana watatu na pitcha wa akiba. Mwache amalize. Alafu mwulize: Skenes ameingia 2024 akawa chipukizi bora, 2025 akachukua Cy Young (tuzo ya pitcha bora), mwaka huo wote mshahara wake uko chini ya dola milioni moja, na ni wa Pittsburgh mpaka mwisho wa 2029. Wewe ungekuwa Pittsburgh ungepokea nini? Ukitaka kupima tredi yoyote ya mtu igeuze, jifanye wewe ndiye shabiki wa timu ile nyingine uambiwe habari hiyo kwenye simu. Ukicheka, hiyo tredi haipo.

(Na kwa kuwa tumetaja Pittsburgh, hao ndio walimpandisha Gift Ngoepe wa Afrika Kusini mwaka 2017, mzaliwa wa Afrika wa kwanza kucheza ligi kuu, na akapiga hit (mpira uliomfikisha besi) mara ya kwanza kabisa kusimama na gongo. Kwenye ligi zao ndogo wamekuwa na pitcha Mganda pia, David Matoma. Hii iweke mfukoni, kuna siku mtu atakuuliza kama sisi kwetu besiboli tunaijua.)

Haya, sasa Devers. Huwezi kuingia bishano lolote Boston bila kuwa na msimamo kuhusu Devers, kwa hiyo soma hii taratibu. Rafael Devers alianza hapa 2017, akachukua ubingwa 2018 akiwa kijana, na mwanzoni mwa 2023 wakampa mkataba wa miaka 10 na dola milioni 313.5. Mshika besi ya tatu. Mwezi wa pili 2025 wakamleta Alex Bregman, naye ni wa besi ya tatu na anadaka vizuri kumshinda, hilo hata mashabiki wa Devers wanakubali. Devers akaambiwa awe mpigaji tu, asidake. Akagoma kwa mdomo, alafu akakubali. Mwezi wa tano Triston Casas wa besi ya kwanza akaumia goti, msimu umeisha, wakamrudia Devers, tusaidie basi besi ya kwanza. Hapo akakataa kabisa, ati mlishaniambia niweke glavu kando. Tarehe 15 mwezi wa sita, Jumapili, wamewafunga Yankees wa New York, mahasimu wao wakubwa, mechi ya tatu mfululizo, uwanja wao wa Fenway mzima unaimba, na jioni hiyohiyo wakamtuma San Francisco. Walichopata ni Jordan Hicks, Kyle Harrison na vijana wawili, James Tibbs na Jose Bello. Giants, ndio hao wa San Francisco, wakabeba mkataba wote uliobaki, zaidi ya dola milioni 250.

Sasa upande gani? Wote wana hoja na ndiyo maana bishano haliishi. Siku wanamuuza walikuwa wameshinda 37 na kupoteza 36. Wakamaliza 89 kwa 73 wakaingia mtoano, na Giants wakamaliza 81 kwa 81, nje. Wale wa "afadhali ameenda" watakupigia hizo namba mezani. Lakini mwezi wa kumi wakatolewa na Yankees, na hawakuwa na mtu wa kupiga mpira mbali, kwa sababu Roman Anthony, yule kijana aliyechukua mzigo, alikuwa ameumia tangu mwezi wa tisa. Wale wa upande mwingine watakwambia Devers angekuwepo ingekuwa vingine. Mimi naona kosa lilifanyika mwezi wa pili sio wa sita, kumwondoa mtu kwenye nafasi yake kabla ya kukaa naye chini na kuelewana, hii ya mwezi wa sita ilikuwa matokeo tu. Ukisema hivyo utapata maadui pande zote mbili ila hakuna atakayesema hujui.

Ukitaka kupima tredi iliyopita usihesabu majina tu siku ile, fuata mnyororo. Tibbs hakukaa, mwezi wa saba wakamgeuza wakapata pitcha Dustin May kutoka Dodgers wa Los Angeles. Kwa hiyo ukimtaja Tibbs lazima umtaje May. Vivyo hivyo nyota wao Mookie Betts, 2020 alienda Dodgers pamoja na David Price, Boston wakapata Alex Verdugo, Connor Wong na Jeter Downs na wakakubali kulipa nusu ya mshahara wa Price juu yake. Betts amechukua ubingwa mara tatu huko, 2020, 2024 na 2025. Downs waliishia kumwondoa, Verdugo wakampeleka Yankees. Hiyo hakuna wa kuitetea, usijaribu hata kwa utani, hasa kwa mtu ambaye amevaa jezi ya Betts yenye namba 50 mpaka leo.

Pitcha Chris Sale pia usimguse vibaya. Mwisho wa 2023 walimpeleka Atlanta kwa Vaughn Grissom kwa sababu kila mwaka alikuwa majeruhi, mwaka uliofuata akashinda mechi 18 akapoteza 3 na kuchukua Cy Young. Hapa watu wanasema uongozi haukuona. Mimi nasema angalia taarifa iliyokuwepo siku ile, sio ya miezi kumi baadaye, ila sikatai kwamba inauma.

Na ukikutana na mtu anayesema kuuza nyota ni kujiua kila wakati, mpe 2004. Tarehe 31 mwezi wa saba walimuuza nyota wao Nomar Garciaparra, ambaye watoto wa hapa walikuwa wanaiga hata anavyovuta glavu zake. Watu walilia. Siku hiyohiyo, kimyakimya, wakamchukua Dave Roberts, mtu wa kukimbia tu. Mwezi wa kumi wako nyuma mechi tatu bila dhidi ya Yankees, zamu ya tisa ambayo ndiyo ya mwisho, Mariano Rivera wa Yankees anatupa, Kevin Millar amepewa besi ya bure, na Roberts anaingizwa kukimbia badala yake. Uwanja mzima unajua ataiba besi ya pili, yaani ataikimbilia kabla mpira haujapigwa, Rivera anajua, akamrushia mshika besi ya kwanza tena na tena amkamate, na bado akaiba. Bill Mueller akapiga, Roberts akaingia nyumbani, wakasawazisha, wakashinda usiku huo na hawakupoteza tena mpaka ubingwa, wa kwanza tangu 1918. Roberts huyo ndiye kocha wa Dodgers sasa hivi, kwa hiyo ndiye anayekula matunda ya Betts.

Namba za wachezaji nitapita haraka. Usihukumu mtu kwa wiki mbili, msimu una mechi 162 na mpigaji hodari anashindwa mara saba kwa kumi. Asilimia ya kupiga peke yake imepitwa, angalia OPS, hiyo inakuonyesha anafika besi mara ngapi na anapiga kwa nguvu kiasi gani. WAR, yaani makadirio ya ushindi ambao mchezaji anaiongezea timu kuliko mbadala wa kawaida, ni nzuri ya kulinganisha watu wa nafasi tofauti lakini tofauti ya nukta kidogo si kitu, usiuane na mtu kwa sababu huyu ana 3.1 na yule 2.8. Mazoezi ya Florida mwezi wa tatu hayahesabiki, kila mwaka kuna mtu anapiga kama shetani Fort Myers na mwezi wa tano yuko Worcester.

Kuhusu Dodgers "kununua kila mtu", hiyo nayo utaisikia. Nyota wao Ohtani ana dola milioni 700 kwa miaka 10, lakini kila mwaka anachukua 2 na nyingine 68 zinalipwa baadaye, kuanzia 2034. Timu yoyote inaruhusiwa kufanya hivyo. Anayelia kuhusu Dodgers mwulize kwa nini mwenye timu yetu hafanyi, hapo hasira inahamia inakostahili.

Adabu kidogo. Ile kofia ya NY uliyonunua Gikomba au Kariakoo kwa sababu ilikuwa inapendeza, iache nyumbani, huku ina maana nyingine kabisa. Kama unafanya kazi nyumba za wazee, wale wazee ndio walimu bora, wapo waliomwona Ted Williams, nyota wa zamani wa Red Sox, kwa macho yao, ila mzee akikosea tarehe usimsahihishe mbele ya watu. Usitaje mauzo ya Babe Ruth, yule nyota wa zamani sana waliyemuuzia Yankees, kama hoja, hiyo ni ya watalii. Na usiseme "tunamhitaji" wiki ya kwanza. Anza na "wanamhitaji", utajua mwenyewe siku ya kubadilisha.

Wakati mzuri wa kuingia ni wiki mbili za mwisho za mwezi wa saba, kabla dirisha la tredi halijafungwa, maana hapo kila mtu ana orodha yake na kila mtu anatafuta msikilizaji. Chagua jambo moja, tuseme pitcha wa akiba wa mkono wa kushoto, jua majina mawili wanayoweza kupata, mkataba wa kila mmoja unaisha lini, na kijana gani wa Worcester ungemtoa. Atakayekupinga ndiye utakayeongea naye mpaka mwezi wa kumi.