Manjano, shubiri na isapgoli kwa wenye uvimbe sugu wa utumbo: vipimo na mipaka yake

Kabla ya kuanza mmea wowote, andika daftari kwa wiki 2: umekwenda choo mara ngapi, damu ipo au haipo, usiku umeamshwa mara ngapi. Ukiweza, pima na kalprotektini ya choo, protini inayoonyesha utumbo umevimba kiasi gani. Bila kumbukumbu hiyo hutajua kama nafuu imeletwa na mmea au ugonjwa umetulia wenyewe, kama unavyofanya mara kwa mara. Anza mmea mmoja tu, na dawa za hospitali usiziache.

Manjano ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi, kwa kolaitisi ya vidonda, yaani uvimbe sugu wenye vidonda kwenye utumbo mpana. Jaribio la Japani lililochapishwa mwaka 2006 lilitumia gramu 2 za kurkumini, kiini cha manjano, kwa siku, gramu 1 baada ya chakula cha asubuhi na 1 baada ya cha jioni, kwa miezi 6, pamoja na dawa za kawaida. Wagonjwa wote walikuwa wametulia. Ugonjwa uliwarudia 2 kati ya 43, na 8 kati ya 39 waliopewa dawa bandia. Hapa ndipo wengi wanapokosea: unga wa jikoni una kurkumini takribani asilimia 3, kwa hiyo kufikia gramu 2 kungetaka unga wa gramu 60 na zaidi kila siku. Kijiko kwenye maziwa ni kinywaji kitamu, basi. Tumia kapsuli zilizoandikwa kiasi cha kurkumini yenyewe, na uchague zisizo na piperini, kiini cha pilipili manga. Piperini huisukuma kurkumini kwenye damu, ilhali kidonda kiko kwenye ukuta wa utumbo, inakopita hata hivyo. Tena hupunguza kasi ya ini kuvunja dawa nyingine. Mwenye mawe ya nyongo au anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda asianze bila daktari. Macho yakigeuka manjano au mkojo ukikoza rangi, acha siku hiyohiyo, ukapime ini.

Shubiri hutaka mkono makini. Tumia Aloe vera halisi, kwani baadhi ya aina nyingine za mshubiri zina sumu. Kata jani nene la nje, lisimamishe upande uliokatwa ukiwa chini kwa dakika 15 hadi utomvu wa njano uchuruzike, kisha limenye na kuosha ute mweupe mpaka usione njano hata kidogo. Utomvu huo ni dawa ya kuharisha, nawe tayari unaharisha. Anza na mililita 25 mara 2 kwa siku, upande taratibu hadi 100 mara 2. Jaribio la wiki 4 lilitumia kiasi hicho. Uweke kwenye friji, na uliobaki baada ya siku 2 umwage.

Isapgoli, yaani mbegu za Plantago ovata, humfaa aliyetulia. Koroga gramu 5 kwenye maji mililita 250, unywe upesi kabla hayajaganda, na uongeze glasi nyingine ya maji. Baada ya wiki unaweza kupanda hadi gramu 10 mara 2 kwa siku. Iachanishe na dawa nyingine kwa saa 2. Mwenye Crohn (aina nyingine ya uvimbe sugu wa utumbo) ambaye utumbo wake umebanwa asiiguse kabisa: huvimba ndani na kuziba.

Majani ya mmea wa sana (senna), ambayo ni dawa ya kuharisha, yaache, hata ukiuziwa kwa jina la "kusafisha tumbo". Unga wa buluu wa Kichina uitwao Qing Dai hutuliza kolaitisi kweli, lakini Japani ilitoa tahadhari mwaka 2016 baada ya watumiaji kupata shinikizo la damu kwenye mishipa ya mapafu.

Choo cha damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na homa inayozidi 37.8 au mapigo ya moyo zaidi ya 90 kwa dakika, ni cha hospitali siku hiyohiyo. Nenda na pakiti za ulivyokuwa ukitumia.