Sosi ya kima (nyama ya kusaga) na tungule (nyanya) kwa spageti, isigeuke supu

Juma lililopita mpwa wangu, ambaye ndiyo kwanza amehamia chumba chake Bombolulu, Mombasa, alinipigia simu saa mbili usiku. "Shikamoo mjomba. Sosi imenishinda. Nyama ni ya kijivu, maji yanaelea juu, na tungule ni kali mno." Keshoye nikavuka daraja la Nyali na nusu kilo ya kima mkononi, tukapika pamoja kwenye jiko lake la mtungi mdogo. Haya ndiyo tuliyofanya. Yanatosha watu wanne.

Uwe na kima nusu kilo, tungule kilo moja, vitunguu maji viwili, karoti moja, thomu (kitunguu saumu) punje tano, nyanya ya kopo ile nzito vijiko viwili, maziwa nusu kikombe, mafuta, chumvi, pilipili manga na spageti gramu 400.

Hatua ya 1: Nyama

Usinunue kima iliyokwisha sagwa ukaja kuiosha nyumbani. Najua kwetu nyama haiingii sufuriani bila kuoshwa, nami pia siwezi kuiacha. Lakini kima ikishaoshwa hunywa maji kama sifongo, na hayo maji utayalipia baadaye. Nunua kipande kizima chenye mafuta kidogo, mwombe mwenye bucha akioshe na kukipangusa, ndipo akisage mbele yako.

Hatua ya 2: Tungule

Chukua zile ndefu za umbo la yai, zilizoiva zikawa nyekundu hadi kwenye kikonyo. Zina nyama nyingi na maji machache kuliko zile za duara. Sokoni Kongowea asubuhi utazipata kwa wingi, na zile laini laini ambazo wauzaji huzitenga kando kwa bei ya chini ndizo nzuri kwa sosi, mradi hazijapasuka wala kunuka.

Zikate katikati, uzikune kwa kile kifaa cha kukunia karoti, upande uliokatwa ukitazama chini. Ganda litabaki kiganjani. Blenda siitaki kwa kazi hii: huingiza hewa, sosi ikawa na povu na rangi ya waridi, tena hupasua mbegu.

Hatua ya 3: Kukausha kima na kuikaanga

Hapa ndipo mpwa wangu alipokwama, na mimi nilikwama hapa miaka mingi. Idd moja niliwapikia wageni kumi, nikatia kilo mbili za kima kwa mpigo kwenye sufuria refu. Ilichemka katika maji yake karibu saa nzima, na mwisho wake ikawa vidonge vigumu visivyo na ladha.

Sababu ni hii. Nyama ikipata moto hutoa maji. Maji yakiwamo, joto la chini ya sufuria halipiti nyuzi 100, na nyama haigeuki kahawia mpaka joto lifike nyuzi 140 hivi. Kwa hiyo mpaka maji yaishe unachemsha tu, hata ukikoroga vipi.

Tumia karai pana, zito. Sufuria nyepesi huunguza katikati na kuacha pembeni pakiwa baridi, na zile za kisasa zisizoshika hazikupi ukoko, nao ukoko ndio tunaoutafuta. Pasha karai tupu kwanza, tia mafuta vijiko viwili vikubwa, kisha nusu ya kima tu. Itandaze, uiache bila kuigusa dakika mbili. Chumvi bado! Chumvi ya mapema huzidi kuvuta maji nje.

Sasa sikiliza. Mwanzoni utasikia mchemko mzito, na maji yataonekana pembeni. Usifunike, usipunguze moto, vunja mabonge tu kwa mwiko. Baada ya dakika sita saba sauti itabadilika, itakuwa kali na kavu kama kitunguu kinachokaangwa. Hapo maji yameisha. Wengi huzima moto hapa wakidhani imeiva. Imeiva kweli, lakini ladha ndiyo kwanza inaanza. Ngoja dakika nne nyingine, mpaka kingo za kima ziwe kahawia na chini pashike ukoko wa rangi ya karafuu. Ukianza kuwa mweusi, punguza moto mara moja, maana ukoko ulioungua utatia uchungu sosi nzima na hauna dawa. Toa, tia nusu ya pili, fanya vivyo hivyo.

Kama kima yako ilikuwa imeganda kwenye friza, iyeyushe usiku kucha kwenye friji ndani ya chujio, upate kumwaga maji yake.

Hatua ya 4: Viungo

Kwenye karai hilo hilo kaanga vitunguu na karoti iliyokunwa mpaka vilainike, kisha thomu. Tia nyanya ya kopo, uikaange hadi iwe na rangi ya tofali.

Hatua ya 5: Kuchemsha

Mimina tungule, ukwangue ukoko wote kwa mwiko. Rudisha kima, tia chumvi na pilipili manga. Ikishatokota, weka moto mdogo kabisa, acha wazi dakika 45 mpaka mafuta yajitenge juu.

Sukari usitie. Ukali huondolewa na karoti, muda, na yale maziwa, ambayo huingia dakika 15 za mwisho. Mpwa wangu alishangaa kuyaona. Lakini mapishi ya ragù, sosi ya nyama ya Waitaliano, yaliyoandikishwa kwenye chemba ya biashara ya mji wa Bologna mwaka 1982 yana maziwa ndani. Yana pia mvinyo na nyama ya nguruwe, ambavyo kwangu haviingii.

Ukipata mrehani mbichi usionyunyiziwa marashi, chana majani matatu tu mwishoni. Harufu yake ni nzito.

Hatua ya 6: Spageti

Onja maji ya bomba lako kwanza. Nyumba nyingi Mombasa zina maji ya kisima yenye chumvi, na ukiongeza nyingine chakula hakitalika. Kwa maji matamu, kijiko kidogo kimoja na nusu kwa kila lita. Kabla ya kuchuja, teka kikombe cha maji ya spageti. Usizioshe. Zitie ndani ya sosi na maji hayo kidogo, geuza dakika moja juu ya moto, pakua.

Sosi ikibaki, hukaa siku tatu kwenye friji. Ukiipasha, anza na kijiko cha maji moto, kwa sababu itakuwa imeganda.