Namna ya kuandika hadithi fupi ya dunia inayowalazimisha watu wafanane

Hadithi fupi ya distopia, yaani ya jamii ya kubuni iliyogeuka jela, husimama juu ya sheria moja. Mwandishi wa riwaya ana nafasi ya kujenga wizara, vita na historia ya miaka mia. Wewe una maneno 2,000 hadi 3,000, na ukiingiza sheria ya pili msomaji ataanza kukusanya taarifa badala ya kuumia. Kwa hiyo kabla ya mhusika, kabla ya mwaka, andika sheria hiyo kwa sentensi moja.

Sentensi hiyo iwe na nusu mbili. Nusu ya kwanza ni jambo ambalo mtu mwema angelipigia makofi. Nusu ya pili ni njia ya kulitimiza, na uovu wote unakaa humo. Tuchukue mfano tutakaokwenda nao: "Ili pasiwe na mtoto anayetamani chungu cha jirani, hakuna mlo utakaokuwa mtamu kuliko mlo wa nyumba ya pili." Ukiandika tu kwamba serikali inakataza chakula kitamu, umepata udikteta wa katuni. Nusu ya kwanza imepotea, na msomaji hana cha kumshawishi hata kidogo.

Ifanye sheria ishikike

Katika "Harrison Bergeron" ya Kurt Vonnegut, hadithi ya mwaka 1961 yenye maneno yapata 2,200, Marekani ya mwaka 2081 imewafanya watu wote sawa kwa marekebisho ya katiba. Bunge halionekani wala hotuba haisikiki. Kinachoonekana ni mfuko wa turubai wenye risasi ndogo, uzito wa paundi 47 (kilo 21 hivi), uliofungwa kwa kufuli shingoni mwa George, baba yake Harrison, kwa sababu ana nguvu. Sikioni ana redio ndogo inayompigia kelele kali kila baada ya sekunde 20 hivi, kwa sababu ana akili. Wanenguaji warembo huvaa vinyago. Kila risasi moja anayoitoa mfukoni ni miaka 2 jela na faini ya dola 2,000.

Jiulize basi maswali manne: kifaa ni nini, kipimo chake kiasi gani, nani anakagua, na adhabu ni ipi. Kwa mfano wetu, kifaa ni pakiti ya unga wa shubiri. Mpishi hodari anatia vijiko vitatu kwa chungu cha lita tano, wa wastani kimoja, asiyejua kupika hatii kitu. Mkaguzi ni mjumbe wa nyumba kumi, anayepita saa moja jioni na kijiko chake mwenyewe. Adhabu ni jiko kufungwa siku 30. Usikwepe tarakimu: "shubiri nyingi" haimchomi mtu, vijiko vitatu vinamchoma, maana msomaji anaviona vikiingia chunguni kimoja baada ya kingine. Na adhabu ya kila siku isiwe kifo. Watu wakitii kwa kuogopa kunyongwa, hadithi yako inahusu woga, na ulitaka iwahusu watu waliokubali.

Mpe hoja bora yule anayeumia zaidi

Hapa ndipo rasimu nyingi zinapokufa. Wahusika wote wanaichukia sheria kimoyomoyo, wanasubiri tu shujaa aje. Kama wote wanaichukia, nani anailinda? Soma tena mazungumzo ya George na mkewe. Hazel, asiyebeba uzito wowote, ndiye anayependekeza wapunguze risasi chache mfukoni wakiwa nyumbani. George, mwenye kilo 21 shingoni, ndiye anayekataa, kwa hoja kwamba mmoja akidanganya wote watadanganya, na dunia itarudi kwenye zama za giza za watu kushindana.

Jaribu hivyo kwenye chungu chetu:

"Vijiko vitatu, Mama Salma. Kwa mkono wako ule!"
"Mama Juma hajui kupika, Baba Salma. Wanawe wana kosa gani?"
"Hawana."
"Basi kula."

Hakuna aliyetaja serikali. Hoja ya mama ina huruma ya kweli ndani yake, na imetoka kinywani mwa aliyenyang'anywa kipaji chake. Msomaji akiipima asiipatie jibu la haraka, umefanikiwa. Tumia karibu nusu ya maneno yako hapa, kwenye chumba kimoja, jioni moja, kwa wahusika watatu au wanne. Usikimbilie tukio.

Si lazima mlinzi wa sheria awe mamlaka. Katika "The Lottery" ya Shirley Jackson, ya mwaka 1948, kijiji cha watu kama 300 kinakusanyika asubuhi ya Juni 27 kupiga kura ya kumpata mmoja wao wa kupigwa mawe hadi kufa, na shughuli nzima inamalizika ndani ya saa mbili ili watu wawahi chakula cha mchana. Hakuna askari hata mmoja. Mazoea yanatosha, na Tessie Hutchinson analalamika kwamba si haki pale tu kura inapoiangukia familia yake. Ukichagua njia hii, mfute mjumbe kabisa, kisha majirani wenyewe waje na shubiri, kwa salamu na kwa upendo.

Muasi asiwe malaika

Harrison, mwana wa George na Hazel, ana miaka 14, urefu wa futi 7, na amebebeshwa paundi 300 za vyuma chakavu. Anavunja vyote mbele ya kamera za televisheni, kisha, na muhtasari nyingi huliruka hili, anajitangaza kuwa mfalme wa wafalme na kuwataka wote wamtii. Upekee ulioachiwa ghafla unadai kutawala papo hapo. Hapo ndipo uzito wa hadithi ulipo, kwa maoni yetu: msomaji anataka kumshangilia na anajikuta anasita.

Kwa hiyo Salma, binti wa nyumba yetu, apike bila shubiri. Harufu ishuke uchochoroni, watu wapange foleni. Halafu aanze kuchagua nani ale. Asichague kwa roho mbaya. Chungu hakitoshi, basi. Yule wa kwanza kuondoshwa foleni awe Juma.

Kuna mtego mwingine mkubwa, nao ni hadithi kuishia kusema kwamba usawa ni ubaya. Kipimo ni hiki: je, sheria yako inampandisha yeyote? Katika dunia ya 2081 Hazel hapati elimu, na mtangazaji mwenye ulemavu wa kusema hapati msaada. Wenye uwezo wanashushwa, wengine wanabaki walipo. Msomaji asipoliona hilo, hadithi inaweza kugeuzwa. Mwaka 2005, huko Kansas, mawakili waliotaka wilaya zenye uwezo ziruhusiwe kuchangisha fedha zaidi kwa shule zao waliitumia hadithi hii mahakamani. Vonnegut alipinga: hadithi inahusu akili na kipaji, akasema, na utajiri si ushahidi wa chochote kati ya hivyo viwili. Kwenye rasimu yako acha alama. Mama Salma ajitolee mara moja kumfundisha Mama Juma kupika, na mjumbe ajibu kwamba fungu lipo la shubiri tu.

Mgao na sauti

Kwa maneno 2,000, gawa hivi: 150 kwa sheria na kifaa chake, 950 kwa mazungumzo ya nyumbani, 600 kwa uasi, 300 kwa yanayofuata. Simulia kwa nafsi ya tatu, kwa sauti tulivu ya mtu anayetangaza bei za sokoni. Msimulizi akishtuka, msomaji hatashtuka tena.

Mwisho, usihukumu. Vonnegut anawaacha wazazi mbele ya televisheni: mwana wao amepigwa risasi, Hazel ana machozi mashavuni, na hakumbuki alilia kwa nini. Wewe unaweza kumleta mjumbe jioni inayofuata na pakiti mpya iliyoandikwa vijiko vinne. Mama Salma atie sahihi.

Rasimu ikishalala siku mbili tatu, futa kila mahali palipoandikwa "uhuru", "mfumo" na "udikteta", uone kama hadithi bado inasimama. Kisha uwasomee watu watatu kwa sauti, uulize swali moja tu: ulikuwa upande wa nani? Wote wakimtaja mtu yuleyule, rudi kwenye mazungumzo ya jikoni ukampe nguvu yule waliyemsahau.