Somo: Kulisha perege kwa kufuata joto la maji

Mwili wa perege hufuata joto la maji anamoishi, na maji yakipoa, mmeng'enyo wa chakula nao hupungua kasi. Mfugaji wa Njombe, kwenye nyanda za baridi za kusini mwa Tanzania, anayetoa mwezi wa Julai kipimo kilekile cha Desemba hawalishi samaki, analisha tope.

Hatua ya kwanza: pima joto alfajiri na saa 9 alasiri, sentimita 30 hivi chini ya uso wa maji, kwa kuwa tabaka la juu linalopigwa na jua hudanganya.

Hatua ya pili: kadiria uzito wa samaki wote. Perege 500 wenye wastani wa gramu 100 ni kilo 50, na maji yakiwa kati ya nyuzi 27 na 30, asilimia 3 ya uzito huo, yaani kilo 1.5 kwa siku, inatosha.

Hatua ya tatu: rekebisha kipimo. Maji yakikaribia nyuzi 20, mimi hutoa nusu au pungufu, mara moja tu, alasiri yanapokuwa yamepata joto. Yakishuka hadi 16, huacha kabisa. Kabla ya kumwaga chote, tupa konzi moja ya chembe zinazoelea. Zikiwa bado zimerundikana kwenye kona ulikozisukuma upepo baada ya robo saa, funga mfuko.

Joto kali nalo lina hila yake. Lita moja ya maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni, ilhali ya nyuzi 30 hubeba 7.5 hivi, na kwenye miinuko ni pungufu zaidi. Wakati huohuo samaki anayemeng'enya chakula huhitaji hewa nyingi. Kwa hiyo usilishe alfajiri, saa ambayo mwani umekwisha kutumia oksijeni usiku kucha. Subiri jua lipande.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, je, niongeze protini wakati wa baridi ili wasidumae?*
Hapana, ndugu. Kinachozuia ukuaji ni ubaridi, na protini isiyotumika huishia kuwa amonia, sumu kwa samaki, majini. Punguza kiasi, ubora ubaki uleule.

*Mbona trauti wa Mlima Kenya hula vizuri kwenye maji baridi?*
Kila aina ina kiwango chake. Trauti hustawi kwenye nyuzi 12 hadi 16, na maji yakipita 20 huanza kupoteza hamu ya kula. Jedwali la ulishaji la trauti halimfai perege hata kidogo.

*Wangu hawajala wiki nzima. Watakufa?*
Perege wakubwa wenye afya huvumilia, kwa sababu kwenye ubaridi miili yao hutumia nishati kidogo. Hatari kubwa huja maji yanapokaribia nyuzi 10. Ila usiwavue wala kuwahamisha sasa, maana magamba yakichubuka wakati wa baridi, ugonjwa wa kuvu hushika upesi.