Mlangilangi si mnazi: ukate kilele

Wiki hii nimeingia ua wa tatu hapa Pongwe, Tanga, nikakuta mambo yaleyale. Mlangilangi, mti wa maua ya kunukia, umepita bati, maua yananing'inia huko juu, na mama mwenye nyumba anayavuta kwa kigoe. Akanifungulia kifuko nione alichopata: petali zimechanika, kingo zimeanza kuwa za kahawia. Mfunga vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia wanavyojipamba wanawake, hanunui ua la namna hiyo hata umpunguzie vipi.

Nikamuuliza kwa nini hakuukata kilele ulipokuwa mdogo. "Mwanangu, mti ukikatwa kichwa si umekufa?"

Hapo ndipo tunapoumia, ndugu zangu. Sisi wa pwani tumelelewa na mnazi, na mnazi kweli ukikatwa kilele umekwisha, maana unakua kwa kichwa kimoja tu. Mlangilangi ni jamaa ya mstafeli na mtopetope. Shina lake lina macho ya kuchipua kila palipokaa jani, na kilele kikiondoka macho hayo huamka, matawi yakatoka pembeni. Komoro, wanakoulima kwa ajili ya mafuta ya manukato, huukata ungali mdogo na kuyainamisha matawi, mchumaji akasimama chini. Ukiachwa hufika mita 20 na zaidi, na matawi yake ni mepesi kukatika. Sitaki tena kusikia mtoto katumwa kupanda.

Usihesabu miaka, angalia kimo. Mti ukifika kati ya mita 2 na nusu na mita 3, ukate kwenye mita 2 kutoka ardhini. Pima kwa tepu ya fundi. Anayepima kwa macho hukata juu kila mara, kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo inayomrudisha kwenye kigoe.

Kata mwezi Juni, masika yakishapungua. Udongo bado una unyevu wa kuchipulia, na jua limepata nafasi ya kukausha kidonda. Ukikata katikati ya mvua za Aprili, kidonda hushinda kimelowa na uozo huteremka ndani ya shina. Januari nako udongo umekauka, mti utapata wapi nguvu? Tumia msumeno wa kupogolea. Panga liweke chini, nimelisema hili mpaka nimechoka: linapasua gome. Kata mshazari, sentimita 2 juu ya tawi, maji yateleze.

Ukishakata, kazi ndiyo kwanza imeanza. Karibu na kidonda yatatoka machipukizi yaliyosimama wima, kila moja linataka kuwa kilele kipya. Yang'oe kwa vidole yakiwa hayajazidi sentimita 15, na upite kila baada ya wiki mbili kwa miezi sita. Nimeona watu wamekata vizuri kabisa, wakaenda zao, na mwaka uliofuata mti una vichwa vitatu badala ya kimoja.

Matawi ya pembeni yainamishe yangali mabichi, unene wa kidole gumba. Katani tunayo tele Tanga hii: funga kamba kwenye tawi na kwenye kigingi, vuta kidogo leo, kidogo wiki ijayo, kwa wiki tatu au nne. Ukilivuta kwa siku moja litakuvunjikia mkononi. Kitanzi kipitishe vidole viwili, na ukifungue baada ya miezi mitatu kabla hakijala gome.

Ukichuma bila kunyanyua kisigino, umefaulu. Chuma kabla ya saa tatu asubuhi, ua likiwa la manjano na wekundu umejitokeza ndani, chini ya petali. La kijani liache, harufu yake haijaiva.

Kwa yule mama, mita 2 haiwezekani tena, kwani huko chini hakuna tawi hai hata moja. Tulizunguka shina pamoja tukapata matawi mazuri kwenye mita 4. Juni atakuja fundi mwenye kamba na msumeno, ateremshe mti kipande kipande kutoka juu, akomee kukata juu kidogo ya matawi hayo. Nimemwambia atahitaji ngazi maisha yake yote. Akanyamaza, kisha akanionyesha mche mwingine nyuma ya choo, kimo cha bega lake, akaniomba nifunge utepe mwekundu kwenye mti ulio kando yake pale mita 2 zinapofika, apate kuuona kila akifagia.