Kufunga leza kwenye sherehe ya nyumbani bila kumuumiza mtu macho

Jumamosi iliyopita shemeji yangu anayekaa Tabata alinipigia saa nne asubuhi. Amenunua mashine ya leza, ile taa ya kumulika miali ya rangi ukumbini, Kariakoo kwa ajili ya bethdei ya bintiye, nije nimfungie. Nilijua ni kazi ya nusu saa. Tulimaliza saa tisa alasiri, na karibu muda wote uliishia kwenye hatua ya 3.

Hatua ya 1: Soma kibandiko

Kiko nyuma au chini ya mashine, na kinaonyesha daraja la hatari kwa nguvu ya mwali. Daraja la 2 ni hadi miliwati 1, 3R hadi 5, 3B hadi 500, na zaidi ya hapo ni daraja la 4. La 4 sifungi nyumbani kwa mtu hata nikilipwa mara mbili: linaunguza ngozi na linaweza kuwasha pazia. 3B linaweza kudhuru jicho kabla hujapepesa, na kupepesa huchukua kama robo sekunde tu. Mashine isiyo na kibandiko irudishe dukani. Usiipime kwa ukali wa rangi unaouona, maana leza za kijani za bei rahisi nyingine huvujisha pia mwanga usioonekana.

Mimi kwa nyumbani napendelea zinazotawanya nukta nyingi, kwa sababu nguvu imegawanyika, ingawa nukta ya katikati mara nyingi ndiyo kali kuliko zote. Zile za kuchora maumbo zina vioo vidogo vinavyocheza ndani. Vikikwama, mwali wote unasimama sehemu moja.

Hatua ya 2: Ipandishe juu

Stendi, nati zikazwe, waya wa chuma wa kuishikilia ikianguka.

Hatua ya 3: Elekeza, kisha tafuta miale inayorudi

Marekani sheria inataka miali ya maonyesho ipite angalau mita 3 juu ya sakafu wanaposimama watu. Dari la shemeji halifiki hapo, kwa hiyo tuliielekeza darini na sehemu ya juu ya ukuta. Usihesabu urefu wa mtu mzima peke yake. Muziki ukikolea, kuna mjomba atambeba mtoto begani.

Kisha toa watu wote, funga mapazia, washa. Usifuate mwali kwa jicho wala kwa kamera ya simu, kwa sababu ukiingia kwenye lenzi unaweza kuua sensa, yaani kihisi cha mwanga ndani ya kamera. Simama nyuma ya mashine, uangalie nukta zinaangukia wapi.

Sisi tuliona nukta ya kijani kwenye sofa, pale pale anapokaa bibi. "Shem, hiyo inatoka wapi tena?" Ilikuwa kioo cha kabati la vyombo. Tukazima, tukalifunika shuka. Tukawasha, nyingine ikatokea mlangoni: runinga. Tukaifunika. Ya tatu ndiyo iliyotula masaa, maana ilikuwa inakuja na kupotea. Tulitoa saa ya ukutani, picha za harusi, hadi trei za keki mezani. Mwishowe shemeji alizima feni la dari kwa sababu ya kelele, na nukta ikatulia. Mapanga ya feni yalikuwa na urembo wa fedha unaong'aa, yakizunguka yanautupa mwali chini kwenye viti. Tukahamishia mashine kona ya pili, feni likabaki nje ya njia yake.

Kila ukisogeza mashine, hata kidogo, rudia ukaguzi wote. Zima kwanza kabla hujagusa kitu. Nje, chunga mabati mapya na vioo vya magari, na usielekeze angani: Tabata na uwanja wa ndege wa Julius Nyerere si mbali, na mwanga huo unampofusha rubani.

Hatua ya 4: Moshi

Moshi wa mashine ndio unaofanya miali ionekane hewani. Kidogo tu, dirisha moja wazi. Uliza kwanza kama kuna mwenye pumu.

Hatua ya 5: Mtu wa swichi

Mashine ipate ekstensheni yake yenye swichi, na mtu mzima mmoja akae nayo asiondoke. Umeme ukikatika azime papo hapo, kwa sababu ukirudi mashine nyingi hujiwasha zenyewe, wakati huo watoto wameshaisogelea kuangalia ndani ya lenzi. Kwa shemeji alikaa yeye mwenyewe. Umeme ulikatika saa mbili usiku, na uliporudi swichi ilikuwa imeshazimwa.